Kungwi, Kitabu na Redio

Toka Magogoni hata Kariakoo, habari za kutoa mimba husemwa kwa kunong'ona. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maoni ya mwanafunzi juu ya jambo hilo hayatokani na yale aliyoambiwa tu, bali pia na namna alivyoambiwa.

Hapo kale Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, walikuwa na chuo chao. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, na kungwi akamfunda kwa nyimbo na mafumbo. Alipewa mwanahiti, kinyago kidogo cha mti, akitunze kama mtoto. Hivyo alijifunza kwa mikono yake kwamba uzazi ni dhamana. Hata hivyo, mafunzo hayo yalimtayarisha kwa ndoa. Hayakumtayarisha kwa darasa wala kwa maisha ya mjini.

Shule ya kikoloni ilileta njia nyingine: mwalimu husema, mwanafunzi husikiliza. Kanuni ya Adhabu, tuliyoirithi kwa Waingereza, hukataza kutoa mimba, ingawa kifungu cha 230 humkinga afanyaye upasuaji kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama. Aghalabu kijana alilisikia katazo, asipate nafasi ya kuuliza. Tena, kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule. Hofu ya kufukuzwa ikaongeza siri, na siri ikawa hatari kwa uhai wake.

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya yake *Rosa Mistika*, ambamo msichana msomi hutoa mimba na mwishowe hupotea. Kwanza kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni. Baadaye kikawa miongoni mwa vitabu vya kufundishia fasihi. Hapo ndipo tofauti ya njia inapodhihirika. Sheria humweleza mwanafunzi kosa ni lipi. Hadithi humfanya aulize ni nani aliyemsukuma Rosa: baba mkali, mwalimu asiye na haya, au jamii iliyonyamaza?

Redio nayo ilitoa funzo lake. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa *Twende na Wakati*, uliohusu uzazi wa majira na UKIMWI. Kwa miaka miwili ya kwanza haukutangazwa Dodoma, ili watafiti wapate kulinganisha. Walikuta kwamba mchezo ule uliwafanya wasikilizaji wazungumze na wenzi na rafiki zao, na kwamba mazungumzo hayo yalisaidia kubadili fikira. Ingawa haukuhusu kutoa mimba, funzo lake lafaa hapa pia: sauti ya redio hupata nguvu inapozaa mazungumzo.

Mwalimu haombwi kumtenga kijana na sheria wala na dini yake. Anaombwa ampe nafasi ya kuuliza na kujibiwa. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba aweza kurudi masomoni. Lakini asiyeambiwa habari hiyo bado huuona mlango umefungwa, na huenda akautafuta ule wa gizani. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.