Upepo wa Turkana na kompyuta zisizoona milima

Sisi wa Jomvu Kuu pepo zetu ni kaskazi na kusi, na kila moja ina majira yake tangu enzi za majahazi. Leo nataka tuzungumzie pepo za milimani, na jinsi kompyuta ilivyofundishwa kuzihesabu.

Tarehe 11 Januari 1972, upepo mkali uliporomoka kutoka Milima ya Rocky ukaupiga mji wa Boulder, Marekani. Bahati nzuri ndege za utafiti zilikuwa angani, vipimo vikapatikana. Mwaka 1975 Joseph Klemp na Douglas Lilly wakaueleza kwa hesabu. Mwaka 1979 Richard Peltier na Terry Clark wakauiga kwenye kompyuta: mawimbi ya hewa juu ya mlima yanavunjika kama ya bahari kwenye mwamba, na upepo wa chini unazidi kasi.

Na huku kwetu je? Mwaka 1982 J. H. Kinuthia na G. C. Asnani walitangaza upepo mkali wa kaskazini mwa Kenya. Hawakuupata kwenye kompyuta, waliupata kwa kurusha maputo. Huu ni jamaa wa ule wa Boulder, si pacha wake. Unabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ukipita hapo unakaza mbio, hasa usiku kuelekea alfajiri.

Kompyuta huigawa dunia vyumba vyumba, na kila chumba kina kimo kimoja tu. Chumba kikiwa na upana wa kilomita 100, Mlima Kulal wenye zaidi ya mita 2,200 unachanganywa na tambarare na ziwa, unatoka wastani. Mlima umepotea! Ukitaka vyumba vya nusu ya upana huo, vyumba vinakuwa mara 4 na hatua za muda mara 2, yaani kazi mara 8. Wenzangu waandika programu mnaelewa gharama yake.

Mwaka 2021 watafiti walirudi na maputo Marsabit. Walipolinganisha, upepo halisi ulikuwa na kasi kuliko ule wa kompyuta.

Kwa nini tujali? Mitambo 365 ya umeme wa upepo, iliyozinduliwa mwaka 2019 karibu na Ziwa Turkana, ina uwezo wa megawati 310, na inategemea upepo huo huo. Pia ndio unaobeba unyevu wa Bahari ya Hindi kwenda bara, na kuiacha Turkana kavu. Kompyuta ikikosea kasi yake, inakosea na mvua ya watu wengine.

Basi msomaji, ukiona ramani nzuri ya utabiri, uliza kwanza: chumba kimoja kina upana gani, na nani alirusha puto hapo?

Wassalaam.