Ujazo wa Oili

Ujazo wa oili ni kiasi cha oili kinachotakiwa kuingia kwenye injini baada ya ile ya zamani kumwagwa. Gerejini swali lake ni fupi: "Inaingia lita ngapi?" Istilahi hii isichanganywe na "kula oili", ambayo ni hitilafu: injini huiunguza oili na kutoa moshi wa bluu.

Kiasi hicho hupangwa na mtengenezaji na huandikwa kwenye kitabu cha gari, mara nyingi kwa vipimo viwili. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika Toyota Probox nyingi, huchukua lita 3.7 filta ikibadilishwa na lita 3.4 filta ya zamani ikiachwa. Tofauti hiyo ni oili inayobaki ndani ya filta. Kwa hiyo dumu la lita 4 halimiminwi lote. Injini ya dizeli ya 1HZ ya Land Cruiser huchukua zaidi ya lita 9.

Oili ikipungua mno, pampu huvuta hewa, beringi hukosa ulainisho na injini hunoki. Ikizidi mno, krenkishafti huipiga ikawa povu, na povu halilainishi vyuma. Sili nazo zinaweza kuanza kuvuja.

Kasulu na Kibondo ni miji ya miinuko, na gari likiegeshwa kwenye mteremko oili huhamia upande mmoja wa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na stiki ya kupimia oili ikasoma uongo. Gari liwekwe mahali tambarare. Nati ya sampu ikishafungwa na filta mpya kukazwa, oili imiminwe pungufu kidogo ya ujazo. Injini iwashwe dakika chache ili filta ijae, izimwe, kisha isubiriwe dakika 5 oili ishuke. Stiki ichomolewe, ifutwe, irudishwe hadi mwisho, ndipo isomwe. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ile ya juu, bila kuivuka. Ikipungua, iongezwe kidogo kidogo.

Vumbi jekundu la kiangazi haliongezi ujazo. Hufupisha muda wa kubadilisha oili, hasa chujio la hewa likiwa limechoka. Mwenye gari asimame karibu fundi anapomimina, na asiondoke gerejini kabla ya kuisoma stiki mwenyewe.