Nyumba ya Kale na Bustani Yake

Mwenye nyumba ndiye mwenye amri juu ya uwanja wake. Ndivyo tulivyozoea kuona. Akitaka kupanda mwembe uani, hupanda. Akitaka kuung'oa, huung'oa. Na akijenga banda la kuku nyuma ya jiko, jirani hana la kusema ila pale jogoo anapomwamsha kabla ya alfajiri. Lakini katika Uingereza ziko nyumba nyingi za kale ambazo wenyewe hawawezi kusimamisha hata banda la majembe bustanini pasipo kupeleka mchoro kwa halmashauri ya wilaya na kungoja jibu. Watu hao si wapangaji. Ni wenye nyumba kwelikweli, na hati wanazo mikononi. Jinsi amri yao ilivyopunguzwa ni sehemu ya historia ya karne ya ishirini, na ndani ya historia hiyo limo swali dogo lililowasumbua majaji hata mwaka 2020: nyumba huishia wapi?

Zamani swali hilo halikuulizwa, kwa kuwa tajiri alibomoa na kujenga kadiri ya fedha zake. Tutazame jumba la Wrest Park, katika jimbo la Bedfordshire, kaskazini ya London, lililokuwa mali ya ukoo wa Grey. Mwanzoni mwa karne ya kumi na nane, bwana wa ukoo huo, aliyepewa cheo cha Mtawala wa Kent mwaka 1710, aliikuza bustani yenye mfereji wa maji ulionyoka kama rula. Mwishoni mwa mfereji, kati ya mwaka 1709 na 1711, alijengewa banda la fahari lenye kuba, kazi ya msanifu Thomas Archer. Miaka hamsini baadaye mtindo ukageuka. Bustani za mistari iliyonyoka zikaonekana za kishamba, na watu wakataka maji yanayopinda kama mto na miti iliyotawanyika kama ya porini. Akaitwa Lancelot Brown, fundi mashuhuri kuliko wote wa mtindo huo mpya. Naye, kwa busara ambayo hakuionyesha kila mahali, alitengeneza pembeni tu akauacha mfereji wa katikati kama alivyoukuta. Kisha, kati ya mwaka 1834 na 1839, mrithi mwingine aliibomoa nyumba ya wazee wake na kujenga nyingine penginepo katika bustani ile ile, kwa kuiga majumba ya Ufaransa.

Katika mabadiliko hayo yote hakuna aliyeomba ruhusa kwa mtu. Leo nyumba hiyo na lile banda la Archer vimo katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa na sheria. Lakini lau sheria ya leo ingalikuwako mwaka 1834, yamkini nyumba inayolindwa leo isingalijengwa kamwe, maana iliyotangulia isingaliruhusiwa kubomolewa. Kila mara ninapowafundisha wanafunzi habari hii, hutokea mmoja akauliza kama basi sheria hiyo ni ya haki. Nami humwambia aendelee kusoma kwanza.

Sheria ya kwanza ya Uingereza ya kuhifadhi mambo ya kale ilipitishwa mwaka 1882 kwa juhudi za mbunge John Lubbock, mtaalamu wa elimu ya viumbe na ya mambo ya kale. Ilitaja mahali 68 tu, na karibu pote palikuwa pa mawe yasiyokaliwa na mtu, kama yale ya Stonehenge, na makaburi ya watu wa kale. Sheria ya mwaka 1913 iliongeza nguvu, lakini ikatamka wazi kwamba haigusi nyumba inayokaliwa. Hili si ajabu. Waingereza wana msemo kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake, na wengi wa waliokaa katika Bunge lile walikuwa na ngome za namna hiyo.

Kilicholegeza msimamo huo ni vita. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mji wa Coventry, na kanisa lake kuu la kale likateketea. Miji mingine ikafuata. Palitokea haja ya haraka: jengo likivunjwa nusu na bomu, nani aamue kama nusu iliyobaki yafaa kuokolewa au kubomolewa? Wasanifu wa majengo wakapewa kazi ya kuandika orodha za majengo yaliyostahili kunusurika. Kutokana na orodha hizo za vita ilizaliwa sheria ya mwaka 1944, na baada yake ile kubwa ya mwaka 1947 ya mipango ya miji na mashamba, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1948. Tangu siku hiyo haki ya kujenga ilitoka mikononi mwa mwenye ardhi ikawa kitu cha kuombwa. Msomaji aishike tarehe hiyo, maana itarudi.

Kuandikwa katika orodha, hata hivyo, kulikuwa kinga dhaifu kwa miaka ishirini, na majumba mengi yaliangushwa na wenyewe walioshindwa kulipa kodi za urithi. Sheria ya mwaka 1968 ndiyo iliyolazimisha ruhusa maalumu kabla ya kubomoa au kubadili jengo lililoandikwa, na leo anayevunja sharti hilo aweza kufungwa hadi miaka miwili. Tena mwaka 1980, katika siku za mapumziko ya mwezi wa Agosti, kiwanda kizuri cha Firestone huko magharibi ya London kilibomolewa upesi kabla hakijawahi kuandikwa. Hasira ya watu ilikuwa kubwa. Serikali ikaharakisha kazi ya kuandika, na wakaguzi wakapita kijiji kwa kijiji wakitazama majengo, kuta, malango, na mapambo ya bustani.

Sasa twarudi kwenye bustani. Wabunge walijua kwamba nyumba haisimami peke yake. Ina zizi, kisima, ukuta na lango. Kwa hiyo sheria, ambayo leo ni ile ya mwaka 1990, yasema kwamba pamoja na nyumba huhesabiwa vitu vya namna mbili. Kwanza ni kitu chochote kilichofungamanishwa na nyumba yenyewe. Pili ni kitu kilichomo katika uwanja wake, ambacho ingawa hakikufungamana na nyumba, kimekuwa sehemu ya ardhi tangu kabla ya tarehe 1 Julai 1948. Hivyo ukuta wa bustani wa mwaka 1800 hulindwa kama nyumba, na kibanda cha mwaka 1960 hakilindwi kwa njia hiyo.

Je, vitu vipya? Mwenye nyumba ya kawaida aweza kujenga banda, kibanda cha vioo cha kukuzia mimea, au bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba bila kuomba, mradi asipite vipimo vilivyowekwa. Mwenye nyumba iliyoandikwa hana uhuru huo. Banda lake la majembe lataka ruhusa, na halmashauri hutazama zaidi ya banda. Huuliza nyumba itaonekanaje kutoka njiani, na kama paa jipya litaziba mandhari ambayo msanifu wa kwanza aliikusudia. Wengi huona ni usumbufu, na mara nyingine ni usumbufu kweli. Lakini mtu aliyesimama mbele ya lile banda la Archer na kutazama maji hadi nyumbani hahitaji kuelezwa jinsi kibanda kimoja kibaya, kikiwekwa ukingoni, kingeweza kuiharibu kazi ya miaka mia tatu.

Kwetu jambo hili hutokea kwa sura nyingine. Nyumba ya mawe ya Lamu haina bustani mbele. Uwanja wake, yaani kiwanda, umo ndani ya kuta, na mwenye kutaka nafasi zaidi huelekea juu, akaweka paa la makuti juu ya sakafu. Mji mkongwe wa Lamu umo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Swali ni lile lile: nyongeza ndogo ya mtu mmoja, ikirudiwa na majirani mia, haibaki ndogo.

Kesi iliyolifikisha swali hili mahali pa juu kabisa ilianza na mitungi miwili. Ilikuwa mitungi ya madini ya risasi, yenye michoro iliyotokeza, kila mmoja umewekwa juu ya nguzo fupi ya mawe ya chokaa. Iliundwa mwanzoni mwa karne ya kumi na nane, na yasemekana ni kazi ya mchongaji John van Nost. Zamani ilipamba bustani ya Wrest Park, ile tuliyoizungumza. Baadaye familia iliyoimiliki ikawa inahama nayo nyumba hata nyumba, kama mtu anavyohama na kitanda chake, mpaka mwaka 1973 ikafika Idlicote House, katika jimbo la Warwickshire. Nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa katika orodha tangu mwaka 1966. Basi mitungi ilikuwa nyongeza katika bustani ya nyumba ya kale, nayo iliwekwa pale kama kiti kiwekwavyo barazani.

Mwaka 1986 wakaguzi walipita, wakaiona, wakaiandika katika orodha kwa jina lake yenyewe, daraja la pili. Mwaka 2009 mwenye nyumba wa wakati huo, aliyeirithi, aliiuza mnadani. Miaka ikapita kabla halmashauri ya Stratford-on-Avon haijamwambia kwamba alihitaji ruhusa ya kuiondoa. Akaiomba ruhusa hiyo baada ya tendo, akanyimwa. Mwaka 2016 akapewa amri ya kuirudisha mitungi mahali pake, ilhali hakuwa nayo tena.

Alikata rufani, na hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mtungi si jengo. Mkaguzi wa serikali alimjibu kwamba maadamu kitu kimo katika orodha ya majengo, hapana ruhusa ya kuuliza kama ni jengo. Mahakama mbili zikamwunga mkono mkaguzi. Jibu hilo lilikuwa na faida ya kumaliza ubishi, lakini kwa maoni yangu lilikuwa na ubaya mkubwa, maana lilimfanya mwandishi wa orodha kuwa na uwezo wa kuligeuza jambo kwa kalamu tu. Akiandika kwamba kiti ni nyumba, basi kiti kingekuwa nyumba, na mwenye kiti angeweza kuadhibiwa kwa kukisogeza.

Tarehe 20 Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwa sauti moja, ilikataa hoja hiyo. Jaji Carnwath aliandika kwamba mtu anayeshtakiwa kwa orodha ana haki ya kuuliza kama kitu kilichoandikwa ni jengo kwa maana ya sheria. Kisha akataja mambo matatu ya kupimia: ukubwa wa kitu, kudumu kwake mahali pale, na jinsi kilivyoshikamana na ardhi. Ile kanuni ya vitu vya uwanjani haikuweza kuisaidia halmashauri, kwa kuwa mitungi ilifika Idlicote miaka 25 baada ya tarehe 1 Julai 1948.

Majaji hawakusema kwamba mitungi si jengo. Walisema tu kwamba swali liulizwe kwa haki, wakairudisha kesi ikasikilizwe upya. Miaka 11 ilikuwa imepita tangu mnada, na nguzo mbili za chokaa na mitungi yake hazikuwapo tena katika bustani ya Idlicote.