Ergoterapia: kumsaidia mgonjwa wa akili kwa njia ya kazi

Katika makanisa mengi ya Kivu na Ituri kuna ndugu au dada aliyetoka hospitali ya wagonjwa wa akili. Dawa zimemsaidia: analala usiku na sauti alizozisikia zimetulia. Hata hivyo anakaa uani kutwa nzima. Haogi bila kuambiwa, hapiki, haendi shambani. Jamaa wanajiuliza kama amepona ao bado. Dawa zimefanya sehemu yao, lakini maisha yake ya kila siku hayajarudi. Hapo ndipo ergoterapia inapoanza. Tunaandika haya kwa ajili ya vijana wanaotaka kusomea huduma hiyo, na kwa jamaa na viongozi wa kanisa watakaosaidiana nao.

Maana ya jina

Jina hili limetoka katika Kigiriki: *ergon* ni kazi, na *therapeia* ni utunzaji ao uponyaji. Kazi hapa si ajira peke yake. Ni mambo yote yanayojaza siku ya mtu: kuoga, kuvaa, kupika, kulima, kuuza sokoni, kulea watoto, kuimba katika kwaya, hata kupumzika.

Ilianzia wapi

Mwaka 1790, mjane mmoja aitwaye Hannah Mills alikufa katika nyumba ya wagonjwa wa akili mjini York, Uingereza. Alikuwa mshirika wa kanisa la Marafiki (Quakers), na wenzake walikuwa wamekatazwa kumtembelea. William Tuke na Marafiki wengine wakaamua kujenga nyumba yao, The Retreat, iliyofunguliwa mwaka 1796. Hawakutumia minyororo. Wagonjwa walifanya kazi ya bustani na kushona, wakaishi kama watu wa nyumba moja.

Huduma hii ilipata chama chake cha kwanza mwezi wa tatu mwaka 1917, huko Clifton Springs katika jimbo la New York, Marekani. Eleanor Clarke Slagle, mmoja wa waanzilishi, alifundisha kwamba ugonjwa wa akili huvunja mazoea ya mtu, na kwamba mazoea hujengwa tena hatua kwa hatua, tangu kuamka mpaka kulala.

Mwanafunzi anajifunza nini

Kwanza, kuuliza na kutazama. Mwaka 1980 Gary Kielhofner na mwenzake walitoa mpangilio unaofundishwa mpaka leo. Mwanafunzi anaangalia mambo manne: mgonjwa anapenda na kutamani nini, mazoea yake yalikuwa yapi, mwili na akili yake vinaweza nini sasa, na mazingira yake yanamsaidia ao yanamzuia.

Pili, kuipasua kazi katika vipande. Kusonga bugali kunaonekana jambo dogo. Lakini ndani yake kuna kuteka maji, kuwasha makala, kungoja maji yachemke, kukadiria unga, kusonga kwa nguvu na kujua wakati wa kuepua. Mtu mmoja anakwama kwenye kungoja, maana mawazo yake yanatawanyika. Mwingine ana huzuni nzito, naye anakwama kabla ya kuinua bidoni. Asiyejua kazi inakatikia wapi atasema tu kwamba mgonjwa ni mvivu.

Tatu, kupima hatua. Mama aliyekuwa akiuza sombe sokoni harudishwi sokoni siku ya kwanza. Juma hili anachambua majani nyumbani pamoja na dada yake. Baadaye anatwanga, kisha anakwenda sokoni kwa saa moja na mtu anayemwamini. Akichoka, hatua inapunguzwa bila kumwaibisha. Aliyepitia vita anaweza kushtuliwa na kelele ao harufu fulani. Basi mahali pa kufanyia kazi panachaguliwa pamoja naye.

Nne, kuandika yaliyoonekana, ili mganga na muuguzi wajue dawa zinamfaa ama zinamlegeza mno.

Haya hayajifunzwi darasani tu. Shirikisho la Dunia la ergoterapia, lililoanzishwa mwaka 1952, linadai kila mwanafunzi afanye angalau saa 1000 za mazoezi pamoja na wagonjwa, akisimamiwa. Karibu nasi, masomo haya yanatolewa Moshi, Tanzania, kwenye KCMC, hospitali yenye mizizi katika makanisa, na pia Nairobi, Kenya.

Tujihadhari

Katika hospitali nyingi za zamani za Ulaya na Marekani, wagonjwa walilima na kufua miaka mingi bila malipo, na hiyo ikaitwa matibabu. Kosa hilo linaweza kuingia kwetu pia. Mgonjwa anayefagia kanisa kila siku kwa sababu hana pengine pa kwenda hajatibiwa, ametumiwa. Tuulize maswali matatu: Kazi hii ameichagua mwenyewe? Inamrudisha kwenye maisha anayoyataka? Anaweza kusema hapana? Na kazi yenye faida ilipwe kama tunavyomlipa mwingine.

Kanisa linaweza kufanya nini

Tusimfunge mtu kamba wala mnyororo, hata katika chumba cha maombi. Tumwombee bila kumkatisha dawa. Tumfikishe kwenye kituo cha afya, ao kwa wenye ujuzi wa magonjwa ya akili, kama SOSAME huko Bukavu na Tulizo Letu huko Goma. Akisema anataka kufa, tusimwache peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo.

Kisha tumpe nafasi ndogo yenye mwanzo na mwisho: kupanga viti kabla ya mazoezi ya kwaya, ama kumwagilia mistari miwili ya mboga pamoja na akina mama. Tumwulize kwanza, tufanye pamoja naye, na tusimnyang'anye kazi kwa sababu anaifanya polepole.