Picha yako ya jua ni ushahidi, wacha kuipaka rangi

Kuna beste yangu hupenda kuniambia picha za jua ni za watu waliokosa kitu cha kuposti. Zamani nilikuwa nacheka naye. Siku hizi sicheki, na nitawaambia kwa nini.

Mwaka niliacha chuo, karo ilikuwa imenishinda. Mathe hakutaka kuniona nimelala hadi saa nne, so nikaanza kupanda juu ya paa la ploti yetu hapa Nairobi, kwenye kamba za nguo. Simu naiegemeza palepale ukutani, karibu na tanki, ikiangalia mashariki. Chini kuna kiwanja kitupu na kile kinjia tulichotumia kwenda steji. Picha moja kila asubuhi, mwaka mzima. Ukweli ni kwamba nilitaka tu kitu kimoja cha kusema nimemaliza. Mathe aliniuliza, "Na hiyo jua italipa nyumba?"

Nilidhani picha zote zitafanana. Si huku kwetu ni mvua na kiangazi tu? Wapi! Juni, zile siku chache mawingu ya baridi yaliniachia nafasi, jua lilitokea kushoto kwa tanki, upande wa kaskazini. Desemba likahamia kulia kabisa. Hata saa zilicheza: katikati ya Februari linachelewa hadi kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, mwanzo wa Novemba linatoka kama na dakika kumi. Ni nusu saa tu, ndiyo maana tunahesabu saa zetu kuanzia asubuhi na hakuna anayelalamika. Lakini ipo.

Hapo ndipo nikaanza kusoma, na manze, hii kitu ina historia.

Picha ya kamera ya zamani zaidi iliyobaki duniani ilipigwa na Mfaransa, Nicéphore Niépce, mwaka wa 1826 au 1827, kutoka dirishani kwake. Alipaka lami kwenye bamba la madini, akaacha mwanga ufanye kazi kwa masaa yasiyopungua nane. Ukiiangalia, kuta za pande zote mbili zina mwanga. Kwa nini? Kwa sababu jua lilipita juu yake kutoka upande mmoja hadi mwingine huku picha bado inapigwa. Yaani picha hiyo ya zamani ilibeba asubuhi na jioni pamoja.

Agosti 1883 volkano ya Krakatau, Indonesia, ililipuka na kuua zaidi ya watu 36,000. Vumbi na gesi vikapanda juu sana, vikazunguka dunia. Miezi michache baadaye jioni za Ulaya na Marekani zikawa nyekundu hadi kuna miji ya Marekani iliyotoa wazima moto, ikidhani kuna kitu kinaungua. Kamera za wakati huo hazikuweza kunasa rangi hizo. Basi mchoraji mmoja wa London, William Ascroft, akawa anasimama karibu na mto Thames jioni baada ya jioni na chaki za rangi, akichora haraka kabla mwanga haujapotea. Alifikisha zaidi ya michoro 500. Mwaka wa 1888 wanasayansi wa Royal Society walipotoa ripoti yao kuhusu Krakatau, michoro yake ilikuwa ndani. Waliiamini kwa sababu jamaa alichora alichokiona.

Halafu kuna Mmarekani, Dennis di Cicco. Kati ya 1978 na 1979 alilipiga jua saa ileile ya asubuhi, siku tofauti za mwaka mzima, juu ya filamu moja. Majua yote yakaunda umbo la nambari nane angani. Angesogeza kamera kidogo tu, mwaka wote ungeharibika.

Sasa rudi kwenye paa letu. Mwezi wa Mei mtu alianza mjengo kwenye kile kiwanja na mabati yakafunga kinjia. Wakazi wakalalamika, tukaitwa kikao kwa chifu. Mwenye mjengo akasema hapo hapajawahi kuwa na njia. Nikaruka juu: mimi ninazo picha! Za Machi, za Aprili, kinjia kinaonekana, watu wanapita.

Shida ni kwamba zile za Machi na Aprili nilikuwa nimezipaka filta. Mbingu ya zambarau, jua kama chungwa. Na za asili nilikuwa nimezifuta, simu ilikuwa imejaa. Chifu akaangalia, akanirudishia simu polepole. "Kijana, hata hii mbingu si ya ukweli. Hiyo njia nitaiaminije?"

Sikuwa na jibu. Zile ambazo sikuzigusa ni za Juni, siku za mawingu, kwa sababu niliona hazina maana. Na Juni mabati yalikuwa tayari yamesimama.

Hadi leo tunazunguka. Mama anayeuza mandazi kwenye steji anabeba ndoo yake njia ndefu kila alfajiri, na nikiwa paani namwona.

So piga jua lako, posti hata kila siku, wacha wacheke. Lakini ile ya asili weka, na tarehe yake, na mahali. Hujui ni nani ataihitaji.