Nyungu ndogo ya babu: mbele ya kuiuza, igeuze utazame chini

Katika nyumba za Tunda, kama kwingine Maniema, hakukosi kitu kidogo cha udongo kilichobaki kwa wazee: nyungu ya kimo cha kiganja, kibakuli, kikombe kisicho na mkono. Pengine kilikuja na treni ya Kongolo–Kindu, pengine na mjomba aliyesoma Kinshasa, pengine kilifinyangwa papa hapa. Mnunuzi wa vitu vya zamani akipita, kinatoka kwa bei ya kipande cha sabuni. Aliyekiuza hakujua ni nini. Aliyekinunua, mara nyingine anajua sana.

Watu wanatazama tumbo la nyungu, maua na rangi. Habari yenyewe iko chini.

Nyungu ya kijijini inajengwa kwa mikono, kamba ya udongo juu ya kamba, halafu inachomwa kwa moto wa wazi. Chini yake ni mviringo ili ikae vizuri juu ya mafiga, na ngozi yake ina mabaka meusi ya moshi. Igonge kwa kidole: sauti ni fupi na nzito. Tone la maji juu ya udongo mtupu linanywewa palepale.

Ile ya ateliye kwa kawaida imezungushwa kwenye gurudumu. Ndani utaona mistari inayozunguka kutoka chini kwenda juu, na chini kuna pete ndogo ya kusimamia. Rangi inayong'aa kama kioo inaishia kidogo mbele ya kufika chini, sababu ingefika ingeshikamana na rafu ya tanuru. Kwenye ile sehemu tupu ndipo mfinyanzi anapochora jina lake. Ya kiwanda ina unene uleule pande zote, wakati mwingine mshono wa kalibu, na muhuri: kwa mfano wa Boch wa La Louvière, Ubelgiji, kiwanda kilichoanza 1841.

Lakini chunga, hizi ni dalili tu. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi 1950, anajenga vyungu vyake kwa mikono, bila gurudumu na bila rangi ya kioo, na leo viko katika makumbusho makubwa ya dunia. Mtu wa haraka angesema ni vya kijijini tu.

Na jina chini ya nyungu si jambo la Wazungu peke yao. Kule Kongo ya chini, karibu na bahari, chifu mmoja wa Wawoyo alifinyanga nyungu zenye sanamu za watu juu yake, akaandika VOANIA MUBA, yaani jina lake na la kijiji chake. Alikufa 1928. Wanunuzi wake walikuwa wafanyabiashara wa Ulaya, hazikuwa za kupikia. Kwa hiyo sanamu ya mtu juu ya nyungu haimaanishi ni ya mizimu wala ya miaka mia tano. Pengine ilifanywa kwa ajili ya mgeni mwenye feza.

Kama kuna maandishi, majina ya nchi yanatoa tarehe kuliko mzee yeyote. “Congo Belge” ni kati ya 1908 na 1960. “Léopoldville” inaonyesha mbele ya 1966, mji ulipoitwa Kinshasa. “Zaïre” ni kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. “Académie des Beaux-Arts” ni jina la tangu 1957; shule yenyewe ilianza 1943 kule Gombe-Matadi kwa jina la Saint-Luc, na ufinyanzi bado unafundishwa pale Kinshasa. Hata jina la mfinyanzi linasema: tangu 1972 serikali ilikataza majina ya Kikristo, basi “Pierre” au “Joseph” pengine ni ya mbele ya hapo, au ya nyuma sana.

Bila maandishi, kinachobaki ni kinywa cha familia. Nani aliileta, kutoka wapi, mwaka wa harusi gani? Andika hayo kwenye karatasi, uiweke ndani ya nyungu. Hakuna mtaalamu wa Kinshasa wala wa Tervuren atakayeyajua mahali pako.

Usiisugue kwanza! Mchanga na sabuni ya unga vinaondoa wino, kalamu ya risasi na ile karatasi ndogo ya duka. Piga picha nne: chini, ubavu, ndani, na moja yenye rula pembeni. Picha hizo zinaweza kutumwa kwa Akademi, au kwa Makumbusho ya Taifa iliyofunguliwa Kinshasa 2019, nyungu yenyewe ikibaki kabatini.

Neno moja kwa wamama: rangi za zamani zinazong'aa zinaweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu. Hiyo nyungu isiwekwe pilipili ya ndimu, wala mtoto asinywee humo.