"Mambo Bosi" Imeanza Lini? Stori ya Ndugu, Mheshimiwa na Shikamoo Makazini

Hii vita ya ofisini unaijua. Kijana kaajiriwa jana, kaingia asubuhi, kamkuta mama wa masijala, kasema "Mambo!" Kufika muda wa chai ya saa nne, jengo zima limeshajua kuwa mtoto hana adabu. Yeye mwenyewe hajui kakosea wapi, maana kwenye grupu la WhatsApp la idara watu wanajibiana "poa" na kidole gumba toka asubuhi mpaka jioni.

Lawama huwa ni ileile: watoto wa elfu mbili hamjalelewa, zamani makazini kulikuwa na heshima. Sawa. Zamani ipi? Maana ukirudi nyuma kweli, unakuta hii nchi watu walishawahi kuweka vifaa chini na kugoma, na moja ya sababu ilikuwa namna wakubwa walivyokuwa wanaongea nao.

Tuanze na mkoloni, kwa kifupi tu. Mashambani, ofisini na majumbani, maneno yalienda upande mmoja. Juu kuna "Bwana", na akizidi ukubwa anakuwa "Bwana Mkubwa". Mkewe ni "Memsahibu". Chini kuna "boi", hata kama huyo boi ana wajukuu. Mzee wa miaka 50 anaitwa mtoto na Mzungu wa miaka 23, na hakuna aliyeona hapo kuna tatizo la malezi.

TANU ilipozaliwa mwaka 1954, neno lililobebwa ni "ndugu". Ahadi ya kwanza ya mwanachama ilikuwa kwamba binadamu wote ni ndugu zake. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, neno likashuka mpaka makazini. Ndugu Mkurugenzi. Ndugu Karani. Ndugu Dereva. Na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hili neno tunalichukulia poa sana. Halikuuliza umri wako. Halikuuliza cheo. Halikuuliza hata kama wewe ni mwanamke au mwanaume. "Bwana" na "Bibi" yanakugawa papo hapo, "Ndugu" linakuchukua hivyohivyo ulivyo. Hata barua zilibadilika: badala ya kumalizia "Wako mtiifu", mtu alikuwa anaandika "Wako katika ujenzi wa Taifa". Wa kwanza anasubiri amri. Wa pili anakwambia tupo kazi moja.

Ila neno zuri halimbadilishi mtu mbaya. Baada ya Azimio, mabenki na viwanda vikubwa vikawa mali ya umma, wakaingia mameneja wapya, na baadhi yao walirithi kiti pamoja na tabia za aliyekikalia mwanzo. Unamwita Ndugu, yeye anakujibu kama Bwana Mkubwa. Malalamiko yakawa mengi mpaka Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo wake, na ibara ya 15 ikamkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu.

Ilikuwa karatasi ya chama tu. Wafanyakazi wakaisoma kama mkataba wa ajira! Kati ya 1971 na 1973 migomo ikafuatana, hasa viwandani, na Dar es Salaam ikawa ndiyo kitovu. Mambo ya pesa yalikuwemo, tusidanganyane, lakini kilichokuwa kinajirudia ni matusi, ukali na dharau za mameneja. Mtu anasimamisha mashine kwa sababu ameitwa jina baya. Mwaka 1973 wafanyakazi wa Mount Carmel Rubber Factory walivuka hata mgomo, wakakishika kiwanda wenyewe. Baadaye waliojaribu kufuata njia hiyo kwingine walikutana na mkono wa dola, wapo waliopoteza kazi. Kwa hiyo ukimsikia babu yako anasema enzi zao walikuwa wanyenyekevu kwa wakubwa, mwulize vizuri. Inawezekana anasahau makusudi.

Sasa piga hesabu. Mtu aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1972 leo kastaafu zamani, anakula pensheni yake. Bosi wa leo wa miaka 55, anayelalamika kuhusu "mambo", yeye ameingia kazini miaka ya 1990. Na huko ndiko kila kitu kilikogeuka.

Vyama vingi vilirudi 1992. Mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, kampuni binafsi zikaja, na "Ndugu" likabaki linanukia foleni ya sukari na mikutano ya chama. Hakuna aliyelipiga marufuku, lilichoka tu. "Mheshimiwa", ambalo bungeni tulishalizoea, likatoka nje likaanza kutembea: diwani mheshimiwa, mkuu wa wilaya mheshimiwa, siku hizi hata mwenye hela yake tu. Makazini zikashika "Bosi", "Mkuu", "Mzee", "Mama". Asubuhi mtu akikutana na mkubwa wake aseme nini? Naona hapo ndipo shikamoo ilipojaza pengo.

Shikamoo yenyewe ni kongwe, haina ubishi. Imetoka pwani, na maelezo tuliyozoea ni kwamba asili yake ni "nashika miguu", halafu "marahaba" ikatoka kwenye Kiarabu. Lakini ni salamu ya nyumbani na mtaani, inafuata umri. Ofisi inafuata cheo. Ukizichanganya, lazima kitu kigongane.

Mfano meneja ana miaka 29, dereva wake ana 56. Kwa adabu ya nyumbani, meneja ndiye aseme shikamoo. Wapo wanaosema, tena kwa roho safi. Ila nenda kasimame kwenye maegesho ya ofisi yoyote asubuhi. Utamwona mtu wa umri wa baba yako anamwahi kijana mlangoni, "Shikamoo bosi", na kijana anaitikia "Marahaba" huku anaangalia simu. Ukishaona hivyo, rudi kwenye yule boi mwenye wajukuu. Mimi hiyo ndiyo inaniuma, sio "mambo" ya mtoto aliyemaliza chuo juzi.

Na hiyo "mambo" yenyewe! Miaka ya 1990, hao hao mabosi wetu walikuwa wanaitikia "poa" vijiweni na mabwenini. Walikua nayo. Ilipokuja kupanda ngazi za ofisi ndio ikawa utovu wa nidhamu.

Kuna sehemu moja ambayo wazee wako sahihi, na vijana mkinuna nuneni tu. Kiswahili hakina sana habari ya "tafadhali", heshima yake imekaa kwenye "naomba". "Naomba unitumie ile ripoti" na "Nitumie ile ripoti" ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama umeweka emoji ya kucheka mwishoni. Kwenye simu tunafupisha kwa sababu vidole vinawahi, lakini anayeisoma upande wa pili anasikia amri. Na hili halina cheo: bosi anayemwandikia mhudumu "leta chai" bila "naomba" naye yumo humohumo.

"Ndugu" bado lipo, kwa taarifa yako. Ndani ya CCM wanaitana hivyo mpaka leo. Na liko kwenye kadi za mchango wa harusi, pale penye Bw./Bi./Ndg. halafu vidoti, ambapo mwandikaji anakata kwa peni yasiyokuhusu. Chukua kadi ya mwisho uliyoletewa ofisini uangalie wewe wamekuachia lipi.

Halafu tuambiane: pale kwenu, kati ya bosi na dereva wake, nani anaanza kumsalimia mwenzake?